Heshima kwa Mzee Haiishii Kwenye Shikamoo



Shukrani zote anastahiki Allah (S.W.), na rehma na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.). Ama baad.

Wapenzi wanafunzi, nataka kusema nanyi juu ya jambo tunalolidharau: kuanguka kwa wazee wetu majumbani.

Nilipokuwa na umri kama wenu tulikaa nyumba ya ghorofa, Mkunazini. Jioni moja nilipandisha ndoo ya maji, yakamwagika kwenye ngazi. Nikikimbilia chuoni, sikuyafuta. Bibi yangu akateremka gizani kwenda kutia udhu wa Isha, akateleza, akavunjika nyonga. Hakushuka tena ngazi ile mpaka tulipomteremsha kwenye jeneza. Siku zote akiniambia, "Mjukuu wangu, limeandikwa." Ni kweli, kadari ni ya Allah. Lakini maji yale niliyamwaga mimi.

Watu husema, "Uzee tu huo." Mimi sikubali. Mtume (S.A.W.) alimfundisha bedui amfunge kwanza ngamia wake, kisha atawakali. Sababu za kuanguka zinajulikana: mtoto wa jicho, miguu iliyokufa ganzi kwa kisukari, dawa za presha zinazoleta kizunguzungu mzee akiinuka ghafla. Ongeza ngazi za Mji Mkongwe zilizosimama wima, mkeka uliokunjika pembe, kandambili zilizolika na umeme kukatika. Shamba nako kuna choo cha uani na njia ya mawe.

Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa watu 684,000 hufa kila mwaka kwa kuanguka, na wengi ni waliovuka miaka 60. Aliyevunjika nyonga hulala kitandani, akapata vidonda na homa ya mapafu. Hata asiyevunjika huingiwa na khofu, akaacha kutembea, miguu ikadhoofu, akaanguka tena. Wengine huficha, wasije wakakatazwa kwenda msikitini.

Basi kila mmoja wenu ashike haya:

1. Ukimwaga maji, yafute hapo hapo.
2. Muwekee babu na bibi tochi karibu na kitanda, wasiamkie alfajiri gizani.
3. Mpe mzee kigoda atawadhe amekaa, asisimame kwa mguu mmoja kuosha wa pili. Na asiyeweza kusimama katika sala, sharia imemruhusu kukaa.
4. Tembea naye kila siku, miguu ipate nguvu.

Nanyi wazazi, wekeni vishikio chooni na kwenye ngazi, na wazee wapimwe macho. Akianguka asiweze kusimama, asivutwe wala asikandwe, apelekwe hospitali.

Katika Suratul Israa, aya ya 23 na 24, Allah ametuamrisha kuwatendea wema wazazi wanapofikia uzee nasi tuko nao. Kumbusu mzee mkono ni adabu njema. Kumfutia ngazi ni adabu vile vile.

Allah awarehemu wazee wetu waliotangulia, na awahifadhi waliobakia. Amin.

Wabillahi tawfiq.