Daftari la Mkaguzi Halimtoshi Msomaji wa Mbozi

Mkulima wa Mbozi Mission akitaka kusoma kuhusu kahawa, mfumo wa Dewey wa kuainisha vitabu utamzungusha maktaba nzima. Kilimo cha kahawa kimepewa namba 633.73. Ukaangaji na usindikaji wake uko 663.93. Masuala ya soko yamewekwa kwenye uchumi, ndani ya 338. Kitabu kinachoeleza yote hayo, kuanzia kitalu hadi mnadani, lazima kipangiwe rafu moja tu, maana nakala moja haiwezi kukaa sehemu tatu. Katalogi inaweza. Kadi au rekodi ya kitabu hicho inaweza kuonekana chini ya kilimo, usindikaji, biashara, jina la mwandishi, na hata chini ya “chulebuni”, ugonjwa ambao mkulima anaujua kwa jina hilo.

Kazi ya kuorodhesha na kuainisha vitabu ndiyo inayosahaulika kila linapozungumzwa suala la maktaba za vijijini. Maboksi yakishushwa shuleni, picha hupigwa, shukrani hutolewa, kisha mwalimu aliyepewa ufunguo wa chumba huachiwa daftari la kupokelea mali. Humo huandikwa tarehe, jina la kitabu, idadi ya nakala na mtoaji. Muhuri unagongwa, kazi inahesabika imekwisha.

Daftari hilo lina umuhimu wake. Mkaguzi wa halmashauri akija ataonyeshwa kwamba mali ya umma ipo. Lakini limepangwa kwa mfuatano wa kupokea: kitabu cha ufugaji kilichofika Machi kiko kurasa nyingi mbali na mwenzake wa Oktoba, na katikati yao kuna hesabu, riwaya na Biblia. Mwanafunzi anayetafuta habari za ng’ombe wa maziwa hana njia ila kulisoma lote. Maktaba ya namna hiyo imetunza kumbukumbu kwa ajili ya mkaguzi, na msomaji ameachwa apapase mwenyewe. Kasoro hiyo inarekebishika kwa gharama ndogo kuliko ya kununua vitabu vipya, na Mkoa wa Songwe, ambamo Mbozi imo, una sababu nzuri za kuanza.

Sababu ya kwanza ni historia yenyewe ya Mbozi. Wamoraviani kutoka Herrnhut, Ujerumani, walianzisha kituo cha misheni hapo mwaka 1899. Mmisionari Traugott Bachmann alikaa mpaka 1916, na Agano Jipya kwa Kinyiha, lugha ya wenyeji, likachapwa 1913. Tangu hapo maandishi kuhusu eneo hili yametoka kwa Kijerumani, Kiingereza, Kiswahili na Kinyiha. Mengine hayamo katika vitabu vinavyojitegemea. Makala ya Beverley Brock kuhusu Wanyiha wa Mbozi ilitoka mwaka 1966 ndani ya jarida la Tanzania Notes and Records. Sura yake nyingine kuhusu watu haohao imo katika kitabu Tanzania Before 1900, kilichohaririwa na Andrew Roberts na kuchapishwa 1968. Maktaba ikiandika jina la kitabu tu, hakuna mwanafunzi wa Vwawa atakayehisi kwamba babu zake wamo ndani.

Majina nayo yanachanganya. Wanyiha waliwahi kuandikwa “Nyika”. Jina hilo hilo walipewa Wamijikenda wa pwani ya Kenya katika maandishi ya karne ya 19, na kuna uwanda wa juu wa Nyika nchini Malawi. Mtafiti akiandika “Nyika” bila mwongozo, anaweza kuishia pwani ya Kenya au mbugani Malawi badala ya Mbozi. Mkutubi hutatua tatizo hili kwa kuchagua umbo moja la jina, kisha kuweka rejeo kutoka kwenye maumbo mengine.

Mipaka ya utawala imeongeza mkanganyiko. Songwe ulimegwa kutoka Mbeya mwaka 2016. Kabla yake, mwaka 2012, Momba ilikuwa imetolewa ndani ya Wilaya ya Mbozi. Ripoti ya miaka ya 1990 inayosema “Mbozi, Mkoa wa Mbeya” inazungumzia pia maeneo ambayo leo yana wilaya yake, na ya wakati wa mkoloni Mwingereza huenda ikawa chini ya jimbo la Nyanda za Juu Kusini. Kijana wa Tunduma aliyezaliwa juzi hawezi kubahatisha yote hayo. Rekodi iliyoandikwa vizuri itamwambia.

Wapo wanaosema Dewey haikutungwa kwa ajili yetu. Wana hoja. Melvil Dewey alitoa mfumo wake Marekani mwaka 1876, na mpaka leo muundo wake una sura ya karne hiyo. Katika dini, Ukristo una sehemu kubwa, 220 hadi 280, huku Uislamu ukiwekwa 297 na dini za jadi za Afrika zikisongamana kwenye 299.6. Katika lugha, zile za Ulaya zimetandazwa kuanzia 420 hadi 480. Kiswahili ni 496.392, na fasihi yake 896.392. Shule yenye riwaya za Kiswahili tele italazimika kubandika namba ndefu ileile kwenye migongo yote.

Lakini dawa si kuutupa mfumo. Dewey wenyewe unaruhusu maktaba kuipa lugha ya mahali nafasi ya mbele na namba fupi. Shule inaweza kuweka fasihi ya Kiswahili kwenye rafu yake ya kwanza, ikaigawa katika riwaya, ushairi na tamthilia, na kufuata majina ya waandishi. Hata hapo umakini unahitajika. Zanzibar imetupa Mohamed Said Abdulla wa Kisima cha Giningi, Mohamed Suleiman Mohamed wa Kiu, na Said Ahmed Mohamed wa Utengano. Mwalimu mmoja akipanga kwa jina la kwanza na mwingine kwa la mwisho, waandishi hao watatu watahamahama kila muhula, na wawili kati yao wataanza kudhaniwa ni mtu mmoja.

Wengine watauliza: kuna haja gani, ilhali simu zimejaa mkononi? Simu hutafuta kile ambacho mtu fulani amekwisha kukieleza na kukiweka mtandaoni. Taarifa za mwaka za vyama vya msingi vya kahawa, vipeperushi vya kituo cha utafiti wa kahawa cha Mbimba, vitabu vya nyimbo vya Kinyiha na majarida ya zamani ya kanisa havitajitokeza kwenye kioo cha simu mpaka aliye navyo aviorodheshe.

Utaalamu wa kazi hii upo nchini. Bodi ya Huduma za Maktaba, ambayo chimbuko lake ni sheria ya mwaka 1963, inaendesha chuo cha ukutubi Bagamoyo. Programu ya kuendeshea maktaba ya Koha, iliyoanzia New Zealand na kuanza kutumika mwaka 2000, haina ada ya leseni. Shule isiyo na kompyuta inaweza kuanza na kadi za karatasi ngumu na lebo za rangi kumi, moja kwa kila tabaka kuu la Dewey.

Halmashauri za Songwe zingeweza kuajiri mkutubi mmoja kwa kila wilaya, azungukie shule badala ya kila shule kumsubiri wake. Kazi yake ya kwanza iwe kuandika orodha moja ya maneno ya mada, yale wanayoyatumia wakulima, wauguzi na wafanyabiashara wa mpakani. Ya pili iwe kukusanya katika katalogi moja kila kilichoandikwa kuhusu Mbozi, Momba, Ileje na Tunduma, pamoja na mahali kinapopatikana, iwe ni Vwawa, Mbeya, Dar es Salaam au kwenye nyaraka za Wamoraviani zilizoko Herrnhut. Na wafadhili wanaoleta maboksi waombwe kulipia siku za kuyaorodhesha kabla ya sherehe ya makabidhiano kupangiwa tarehe.