Dalili ya Tufani si Mawingu

Dalili ya mvua ni mawingu. Hivyo ndivyo tunavyofundishana. Lakini msemo huo ni wa mvua, wala haukutungwa kwa ajili ya tufani. Tufani ya baharini huleta ishara zake kabla wingu halijaonekana.

Wazee wetu wa mwambao, kutoka Lamu hata Vanga, walijua kwamba pepo huja kwa zamu: kaskazi huvuma Disemba hadi Machi, kusi Aprili hadi Septemba, na baina yake maleleji. Upepo ukizima siku isiyokuwa ya kuzima, mzee huinua uso. Jasho lamtoka mtu kivulini, kuti la mnazi halitikisiki, na huku wimbi refu na zito lapiga pwani polepole, ilhali hakuna upepo wa kulisukuma. Asiyejua husema bahari shwari. Ajuaye huvuta ngalawa yake juu.

Wataalamu wa leo hawampingi mzee huyo. Mawimbi yazaliwayo na tufani huenda mbio kuliko tufani yenyewe, yakatangulia mfano wa tarishi. Nayo hewa ipandayo katikati yake hushuka pembezoni, ikafukuza mawingu. Ndipo pale penye joto na kimya.

Wako wasemao kuwa Kenya haina haja na elimu hii, kwa kuwa tufani haziumbiki karibu na ikweta. Ni kweli kwamba ni nadra kufika kwetu. Lakini Aprili 1872 tufani iliipiga Unguja, ikang'oa mikarafuu na kuangamiza merikebu za Sayyid Barghash. Aprili 1952 ikawa zamu ya Lindi. Na Mei 2024 ile iliyoitwa Hidaya ilifika Mafia, na pwani yetu pia ikaonywa juu ya upepo na mawimbi. Kwetu hidaya ni zawadi. Ile haikuwa zawadi ya kutamaniwa.

Sisemi tuvitupe vyombo vya wataalamu. Mzee aonaye wimbi hawezi kujua tufani i umbali gani wala yaelekea wapi. Hayo huonwa na setilaiti. Ninalolalamikia ni lugha. Onyo hutolewa kwa vipimo vya kasi ya upepo, na vipimo hivyo havionekani ukiwa ndani ya ngalawa. Na vijana wetu wengi, ukiwatajia kaskazi na kusi, hudhani unawasomesha jiografia.

Rai yangu ni kwamba watabiri wa hali ya hewa wakae kitako na manahodha, kila onyo litaje na ishara ambazo mvuvi ataziona na kuzihisi mwenyewe. Redio ikinyamaza katikati ya bahari, mvuvi hubaki na macho yake na ngozi yake. Tumfundishe kuvisoma mapema, manahodha wetu wangali hai.