Roboti Isiyo na Uzito

Gemu ya roboti za vita inayokuruhusu kufunga bunduki yoyote kwenye mwili wowote inakufundisha kupamba tu. Wapo wachezaji wanaouona mpaka wa uzito kama uonevu: kwa nini miguu myembamba isibebe mzinga mzito, ikiwa roboti ni yangu? Mimi nasema mpaka huo ndio wenye thamani kuliko vyote mle ndani, na wanaouondoa wanatuuzia rangi kwa jina la ufundi.

Chukueni Armored Core, gemu ya FromSoftware ya Japani iliyotoka mwaka 1997 kwa ajili ya PlayStation. Roboti zake za mwanzo zilibuniwa na Shoji Kawamori, mtu anayejaribu maumbo yake kwa vipande vya Lego. Kichwa, kiwiliwili, mikono, miguu: kila kipande kina uzito wake na kinakula umeme wa jenereta. Miguu ikizidiwa, imekula kwako. Chagua cha kuacha. Minyororo ya kifaru itabeba mizinga, ila mwendo utausahau. Ukirudi kazini, risasi na matengenezo vinakatwa kwenye malipo yako. Na katika gemu ile ya kwanza, deni likivuka 50,000 za fedha ya humo, unageuzwa kitu cha majaribio ya upasuaji.

Huku kwetu hilo halihitaji mkalimani. Kijana wa bodaboda wa Mbulu aliyepewa pikipiki kwa mkataba anajua kwamba hesabu ya tajiri haisubiri. Anafunga sproketi kubwa nyuma ili apande mlima na gunia la vitunguu saumu, akijua kwamba kwenye tambarare kila mtu atampita. Anaongeza keria ya chuma, na chuma chenyewe ni mzigo kabla hajapakia kitu. Mteremko wa Magara haumwulizi amepaka rangi gani.

Tena si jambo la pikipiki tu. Katika bonde la Yaeda, Wahadzabe hawatumii mshale mmoja kwa kila windo. Wa ndege unaweza kuwa mti uliochongwa ncha, basi. Wa mnyama mkubwa hupewa kichwa cha chuma na sumu. Chuma hicho wamekuwa wakikipata kwa wahunzi wa Kidatoga, wanaofua misumari na vyuma chakavu, na kuyeyusha makufuli mabovu yawe bangili. Mhunzi anaanza na misumari aliyonayo. Mwambie kwamba kubuni ni kuchagua kati ya rangi mia mbili, atakuuliza mshale wako unarukaje.

Ndiyo maana zinanikera gemu za simu zinazojiita za bure, kisha zinamuuzia mtoto koti la roboti lisilozidisha wala kupunguza hata kilo moja. Bando limekwisha, hela ya nauli imekwenda, na hakuna alichokipima.

Hata Armored Core VI ya mwaka 2023, ninayoipenda, ninaidai. Ukiuza kipande unarudishiwa bei uliyonunulia. Naelewa, wanataka watu wajaribu bila woga, na bila hivyo wengi wangeng'ang'ania roboti moja mpaka mwisho. Lakini nionyesheni fundi wa Katesh atakayeipokea sproketi niliyoitumia siku mbili kwa bei ya mpya.

Kama yupo kijana wa Katesh au Dongobesh anayejifunza programu ili atengeneze gemu yake, asianze na orodha ya rangi. Aanze na gunia. Roboti yake ipande kutoka Magara mvua ikinyesha, mafuta yapungue kwa kila kona, na tajiri awe anapiga simu.