Kauli iliyo wazi ni ngao ya msemaji

Mara kwa mara viongozi wetu hulalamika kwamba wamenukuliwa visivyo na waandishi wa habari. Lawama yote hutwikwa mwandishi. Ni kweli kwamba wako waandishi wazembe. Hata hivyo, ni haki tujiulize pia kauli yenyewe ilitoka vipi kinywani mwa msemaji.

Tuchukue mfano wa Isiolo, mji ambamo Waborana, Waturkana, Wasamburu, Wameru na Wasomali huunganishwa na Kiswahili. Aliyelelewa kwa Kiborana humweleza mwandishi kisa kwa Kiswahili. Mwandishi huenda akakiandika kwa Kiingereza. Kisha redio hukirejesha kwa lugha nyingine tena. Sentensi yenye utata haiwezi kustahimili safari hiyo.

Hebu msomaji aitazame sentensi hii: "Mchungaji aliuawa na mwanawe." Je, aliyekufa ni mchunga mifugo au kiongozi wa kanisa? Je, mwana ndiye aliyeua, au naye aliuawa pamoja na mzazi wake? Sarufi haina kosa, kwani "na" huchukua maana zote mbili. Gazeti, lakini, halina budi kuchagua moja.

Neno "wale" lina hatari kubwa zaidi. Anayesema "wale wamechukua ng'ombe wetu", katika eneo ambalo wizi wa mifugo umekwisha kumwaga damu nyingi, huenda akawakusudia wezi watano aliowaona. Msikilizaji atasikia kabila zima. Kisasi hakingoji masahihisho. Aidha, "saa mbili usiku" ikitafsiriwa kiholela hugeuka kuwa saa nane, na shahidi mkweli akaonekana mwongo.

Basi, dawa ni ipi? Msemaji na amtaje mtenda waziwazi. Atenganishe aliyoyaona na aliyoyasikia. Asilolijua, aseme halijui. Mwishowe amwombe mwandishi amsomee alichokiandika. Mwandishi naye asione haya kuuliza tena, kwa maana kukisia si kazi yake.

Kifungu cha 35 cha Katiba ya 2010 humpa kila mtu haki ya kudai habari ya uongo au ya kupotosha inayomwathiri isahihishwe au ifutwe. Haki hiyo ni muhimu, ila huja baada ya madhara, na maji yakimwagika hayazoleki.

Walimu wa Kiswahili hufundisha sentensi tata kwa ajili ya mtihani, kisha somo likaishia hapo. Yafaa wanafunzi wahojiane kuhusu tukio la shuleni, waandike, halafu walinganishe kilichosemwa na kilichoandikwa. Watagundua upesi kwamba ufasaha si pambo la insha. Katika maeneo kama Isiolo, kiwakilishi kimoja kilichowekwa mahali pake chaweza kuokoa maisha ya watu wasiokuwepo mahojiano yalipofanywa.