Vazi Halina Kosa: Kutoka Beni hadi Bungeni

Tarehe 1 Juni 2021, katika ukumbi wa Bunge jijini Dodoma, Mbunge wa Momba, Condester Sichalwe, alitakiwa kutoka nje akabadilishe mavazi. Mbunge mwenzake wa kiume alikuwa amesimama kulalamikia suruali aliyoivaa, na Spika wa wakati huo, Job Ndugai, akakubaliana na mlalamikaji. Miaka mitatu kabla ya hapo, Septemba 2018, Spika huyohuyo alikuwa amewazuia wabunge wenye kucha na kope za bandia kuingia ukumbini. Sababu ya mwaka 2018 ilielezwa kuwa afya. Ya mwaka 2021 ilikuwa staha. Mitaani sababu zote mbili hukunjwa na kutiwa katika mfuko mmoja unaoitwa "utamaduni wetu".

Hoja yangu ni fupi. Mwenye mamlaka anapopiga marufuku vazi, mara nyingi hakuna utamaduni anaoulinda. Anachodai ni haki ya kuamua nani awe nani. Historia yetu ina ushahidi wa kutosha wa jambo hili, na sehemu nzito ya ushahidi huo iko hapahapa Arusha, ninakoandikia makala haya nikiwa Sombetini.

Tuanze na miaka ya baada ya Vita Kuu ya Kwanza. Katika Afrika Mashariki vita hiyo ilikwisha tarehe 25 Novemba 1918, von Lettow-Vorbeck aliposalimisha silaha zake Abercorn, mji ambao leo ni Mbala, Zambia. Nyuma yake ilibaki nchi yenye njaa, maradhi na makaburi ya wapagazi, wale makumi ya maelfu waliokufa wakibeba mizigo ya majeshi yasiyo yao. Walionusurika walirudi makwao, na miongoni mwa mambo waliyoyafanya ni kucheza ngoma iliyoitwa beni.

Beni ilizaliwa pwani ya Kenya, Lamu na Mombasa, katika miaka ya 1890, lakini vita ndiyo iliyoisambaza hadi bara. Askari na wapagazi waliibeba kama walivyobeba mizigo. Vyama vyake viwili mashuhuri katika Tanganyika, Marini na Arinoti, vilikuwa na matawi katika miji mingi. Katika ngoma hiyo mpagazi wa jana alijitokeza barabarani amevaa sare ya ofisa, na kofia kichwani, akitembea kwa mwendo wa gwaride. Alikuwa na cheo pia: huyu Mfalme, yule Kaiza, mwingine Jenerali. Wanawake wa lelemama nao walikuwa na vyama vyao na vyeo vyao, wakishindana kwa mavazi na madoido.

Wapo wasomi walioidharau beni kwa kusema ni kasumba, kwamba mtumwa anamwiga bwana wake. Terence Ranger, mwanahistoria aliyefundisha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam katika miaka ya 1960, aliiandikia ngoma hiyo kitabu kizima kilichochapishwa mwaka 1975, na alichokiona kilikuwa tofauti. Nyuma ya gwaride kulikuwa na vyama vya kuzikana na kusaidiana, na kulikuwa na watu wanaojitafutia heshima katika miji ambayo haikuwapa heshima yoyote. Maofisa wa Kiingereza hawakucheka sana. Waliipeleleza beni, wakashuku kwamba kuna njama ndani yake.

Kwa nini dola iliyotoka kuwashinda Wajerumani iogope watu wanaocheza ngoma? Kwa sababu mavazi yalikuwa yanasema kweli isiyotakiwa kusemwa. Mpagazi akivaa sare ya ofisa na ikamkaa sawasawa, mtazamaji hujiuliza swali la hatari: kumbe ofisa naye amevaa tu? Kumbe ukubwa wake uko katika vifungo vya shaba? Mamlaka yote ni mchezo wa kuigiza wenye bunduki nyuma ya pazia, na beni ilikuwa imefungua pazia kidogo.

Zanzibar ilikuwa imeshajua jambo hilo mapema zaidi. Wakati wa utumwa, mavazi yalikuwa alama ya daraja: mtumwa hakutazamiwa kuvaa viatu wala kufunika kichwa kama waungwana. Baada ya utumwa kufutwa kisheria mwaka 1897, waliokuwa watumwa walinunua kanzu na kofia, na wanawake wakajitanda kanga na hatimaye buibui. Hakuna hati iliyotangaza uungwana wao kwa sauti kubwa kuliko nguo walizozivaa wenyewe.

Sasa tuje nyumbani. Mtu angetarajia kwamba serikali iliyotokana na wanyonge ingeheshimu uhuru wa mnyonge kuvaa. Haikuwa hivyo. Mwishoni mwa mwaka 1967 na kuingia 1968, katika Mkoa wa Arusha, serikali ilianzisha kampeni ya kuwalazimisha Wamasai kuacha shuka na kuvaa suruali na magauni. Kupaka mwili udongo mwekundu kulipigwa vita, na aliyevaa shuka alizuiwa hata kupanda basi. Kosa lake lilikuwa kuonekana wa kale mbele ya taifa lililotaka kuonekana la kisasa.

Wakati huohuo, Dar es Salaam, upepo ulivuma upande wa pili. Oktoba 1968 Umoja wa Vijana wa TANU ulitangaza Operesheni Vijana, iliyotakiwa kuanza kutekelezwa tarehe 1 Januari 1969. Ilipiga marufuku sketi fupi, mawigi, krimu za kung'arisha ngozi na suruali za kubana. Kariakoo, makundi ya vijana yaliwavamia wanawake waliodhaniwa kuvaa vibaya. Kosa la wanawake hao lilikuwa kuonekana wa kisasa mno mbele ya taifa lililotaka kuonekana la Kiafrika.

Ndugu msomaji, ziweke operesheni hizi mbili kwenye mizani moja. Mmasai aliadhibiwa kwa kuvaa cha jadi, na msichana wa mjini aliadhibiwa kwa kuacha cha jadi. Wapo waliouona mgongano huo wakati uleule wakauhoji. Hakuna kanuni ya utamaduni inayoweza kuzibeba amri zote mbili. Kanuni pekee inayozibeba ni hii: mwili wa raia ni mali ya anayeutawala. Na malipo ya historia ni kejeli. Shuka iliyozuiwa kupanda basi leo ndiyo inayompokea mtalii kwenye picha za matangazo, na jijini hapa mlinzi aliyejifunika shuka hiyo hukesha kwenye mageti ya watu waliovaa suti.

Tena, utamaduni upi? Kanga ilitokana na leso, na neno leso lenyewe lina asili ya Kireno. Kitambaa cha pamba tulikiita merikani kwa sababu kilitoka Marekani. Wamasai walivaa ngozi kabla ya shuka ya dukani. Suti anayovaa mlinzi wa maadili haikushonwa na babu yake.

Najua kuna msomaji anayesubiri niguse jambo linalowatia watu joto zaidi: mwanamume aliyevaa nguo za kike. Nitaligusa. Mwaka 1909 ofisa wa kikoloni A. C. Hollis alichapisha kitabu kuhusu Wanandi, akaeleza jinsi wavulana wanaojiandaa kwa tohara walivyovikwa mavazi na mapambo ya wasichana. Katika kitabu chake cha mwaka 1905 kuhusu Wamasai, aliandika kwamba vijana waliotoka kutahiriwa walivaa hereni za wanawake walioolewa. Jadi zenyewe, basi, zilimpitisha mvulana katika vazi la mwanamke njiani kuelekea utu uzima, na hakuna mzee aliyesema kabila limeangamia.

Katika zama zetu, taifa zima limecheka mbele ya televisheni Joti wa Orijino Komedi alipovaa gauni akaigiza mwanamke. Watoto walicheka, mashehe na wachungaji walicheka, na waheshimiwa walicheka. Lakini gauni lilelile, likivaliwa na mwanamume nje ya jukwaa, huleta matusi, mawe na pengine selo. Kama gauni lingekuwa ndilo sumu, lingeua hata jukwaani. Kinachotofautisha ni kicheko: tunamruhusu mtu avuke mpaka mradi atuhakikishie kwamba anatania. Asiyetania tunampiga.

Na mpaka wenyewe ni mwembamba kuliko tunavyokiri. Nenda Mbauda, hapa jirani, asubuhi ya Julai Mlima Meru unapotema baridi. Utawakuta vijana wa bodaboda wamejikinga na makoti ya mtumba yaliyokatwa kiunoni, mengine ya waridi, ambayo huko yalikotoka yalishonewa wanawake. Hakuna anayewauliza jinsia ya koti. Baridi imeshajibu.

Kuna hoja ya upande wa pili ambayo siidharau. Kazi ina heshima yake, na waraka wa mavazi kwa watumishi wa umma wa mwaka 2007 ulitolewa kwa sababu hiyo. Daktari avae koti lake jeupe, fundi avae kofia ngumu, polisi avae sare ili raia amtambue. Kanuni za namna hiyo zinatokana na kazi yenyewe. Ila mara nyingi mlinzi wa geti hapimi kazi, anapima mapaja. Mabango ya mavazi yaliyoko kwenye mageti ya vyuo vyetu vingi huwa na michoro mingi ya msichana kuliko ya mvulana, na mwanafunzi aliyelipa ada hurudishwa bwenini akakosa kipindi, eti kwa ajili ya elimu yake.

Kwa hiyo nawaomba watumishi wa umma wanaoandika nyaraka hizi, na wanafunzi wanaozisoma getini, waulize maswali matatu kabla ya kutii. Je, kanuni hii inatokana na kazi inayofanyika hapa, au na macho ya anayetazama? Je, inawabana watu wote sawasawa, au mzigo unawaangukia wanawake na maskini? Je, anayeivunja anapoteza nini: anaonywa, au anadhalilishwa hadharani? Waraka ukishindwa maswali hayo, urudishwe ulikotoka kwa barua yenye hoja na majina ya wanaoipinga.

Wapagazi wa 1918 hawakuwa na bunge wala chuo kikuu. Walikuwa na sare za kuazima na ngoma, na kwa hizo waliwalazimisha watawala kuwatazama upya. Sisi tuna Katiba ambayo ibara yake ya 12 inasema kila mtu anastahili kuheshimiwa utu wake. Haikuongeza masharti kuhusu urefu wa sketi.