Uvumilivu Si Dawa ya Kutapika

Sentensi ninayoichukia kuliko zote katika wodi za saratani ni hii: "Vumilia, ukitapika ujue dawa inafanya kazi." Ni uongo. Cisplatini hutumika kutibu mesothelioma, saratani ya utando wa mapafu ambayo mara nyingi huletwa na vumbi la asbesto. Wasipokingwa, zaidi ya wagonjwa 9 kati ya 10 wanaopewa dawa hiyo hutapika. Matapishi hayasemi lolote kuhusu uvimbe. Yanasema kinga haikutosha.

Na kinga ipo. Ondansetroni na deksamethasoni hutolewa kabla ya dripu, si baada ya beseni kujaa. Olanzapini inaweza kuongezwa. Kichefuchefu cha cisplatini hurudi siku ya pili na ya tatu, mgonjwa akiwa kwake, kwa hiyo lazima aondoke hospitali na vidonge mkononi. Kama anatumia mofini, aulizwe pia kuhusu choo. Kufunga choo nako hutapisha.

Watu hawa walivuta vumbi kazini, au walikata mapaa ya asbesto bila barakoa, miaka 20 hadi 50 kabla ya kuugua. Kenya ilipiga marufuku asbesto mwaka 2006, lakini mapaa ya zamani bado yapo. Nani aliwaonya? Leo tena tunawadai uvumilivu?

Mimi sitamsifu mgonjwa kwa kuvumilia kinachozuilika. Nitauliza mbele ya daktari: amepewa nini kabla ya dripu?