Si Mzito, Hajapimwa Tu

Ndugu zangu, kila mtaa una mtoto aliyepachikwa jina. Mzito. Kichwa maji. Mtukutu. Yuko Gredi 4 na bado kusoma sentensi moja ni vita. Mwalimu amechoka naye, nyumbani anachapwa, madrasani anaketishwa nyuma. Miaka michache baadaye tunamkuta stejini akipigia matatu debe, na sisi tunasema, "Huyu masomo yalimshinda."

Yalimshinda vipi, na hakuna aliyewahi kumpima?

Hoja yangu ni moja: mtoto anayeshindwa darasani apimwe kabla ya kuhukumiwa. Na tusipoidai haki hiyo, hakuna atakayetuletea mlangoni.

Sababu za kushindwa ni nyingi. Kuna mtoto asiyeona ubaoni. Kuna anayesikia nusu ya maneno kwa sababu sikio linatoka usaha kila mara na hajatibiwa. Kuna mwenye disleksia: dukani anahesabu chenji bila kukosea, lakini herufi na sauti hazimshiki haraka kama wenzake. Kuna asiyeweza kutulia hata dakika tano, na kuna mwenye usonji ambaye kelele za darasa zinamtesa. Watoto watano, mahitaji matano. Na sisi dawa tunayo moja tu, kiboko.

Hebu tuangalie sheria inasemaje. Katiba ya 2010, kifungu cha 53, inampa kila mtoto elimu ya msingi ya bure na ya lazima. Kifungu cha 54 kinasema mtu mwenye ulemavu aheshimiwe na asiitwe kwa maneno ya kumdhalilisha. Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013, kifungu cha 36, inakataza kumtesa au kumdhalilisha mwanafunzi kimwili na hata kisaikolojia. Kwa hivyo si fimbo peke yake. Hata lile jina "mjinga" mbele ya darasa zima, sheria hailikubali.

Tangu 1984 serikali imekuwa na vituo vya tathmini ya elimu, vinavyojulikana kama EARC. Huko walimu waliosomea elimu maalum humkagua mtoto na kuandika ripoti: ana shida gani, asaidiwe vipi, abaki shule ya kawaida au aende kwenye kitengo maalum. Uliza katika ofisi ya elimu ya kaunti ndogo yako kituo kiko wapi.

Ripoti hiyo msiidharau. Baraza la Mitihani, KNEC, hutayarisha karatasi za breli na za maandishi makubwa, na watahiniwa wenye mahitaji maalum huongezewa muda. Lakini ni shule inayomsajili mtoto hivyo, na shule haiwezi kumsajili kama hakuna anayejua hali yake. Mtoto anaingia mtihani kama wengine, anafeli, halafu lawama ni zake.

Wapo watakaosema walimu wana watoto sitini darasani, muda wa kumwangalia mmoja watautoa wapi? Ni kweli, na serikali kuu lazima iajiri walimu zaidi wa elimu maalum. Hilo tusiache kulipigia kelele. Lakini kumketisha mbele asiyeona vizuri hakugharimu kitu. Kumpa maagizo moja moja badala ya matano kwa mpigo hakugharimu kitu. Kumwacha ajibu kwa mdomo pale mkono unapomchelewesha, pia ni bure.

Chekechea nazo ziko chini ya kaunti. Huko ndiko shida nyingi zingegunduliwa mapema. Wanasiasa wakija kutuhesabia basari walizogawa, tuwaulize pia: ni chekechea ngapi za wadi hii watoto wamepimwa macho na masikio?

Sasa sisi nyumbani. Tuseme ukweli, wengi wetu tunaficha. Tunaogopa jirani atasema nini, mama mkwe atasema nini. Wahenga walisema mficha uchi hazai. Mtoto akifichwa, anayeumia ni yeye, na kila mwaka unaopita pengo linazidi kuwa kubwa.

Anza na macho na masikio, mpeleke zahanati. Msomee kwa sauti dakika kumi kila usiku, yeye akifuata kwa kidole. Kazi ya shule igawanye vipande vidogo, apumzike katikati. Usimlinganishe na dadake. Na baba, hili si jambo la kumwachia mama peke yake. Ukienda shuleni na wewe, mambo yanakwenda tofauti.

Shule ikikuzungusha, andika barua kwa mwalimu mkuu ukiomba mtoto apelekwe tathmini. Taja jina lake, gredi yake, na shida unazoziona. Peleka nakala mbili, moja igongwe muhuri urudi nayo. Wakinyamaza, ipeleke nakala hiyo ofisi ya elimu ya kaunti ndogo. Kama kuandika ni taabu, mwombe kijana yeyote aliyesoma hapo mtaani akuandikie. Ni kazi ya nusu saa, na muhula huu bado hujachelewa.